Kidole cha Zimwi: Kauli za Kufa na Nia Fiche katika Masimulizi ya Kiajabu

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya umeyatendea masimulizi ya kiajabu dhuluma mbili, na zote mbili zimekaririwa mara nyingi hata zikapokewa kama kanuni. Ya kwanza ni dai kwamba mhusika wa fantasia hana nia ya kufichwa. Yeye ni mhusika bapa. Jina lake ndiyo tabia yake. Msomaji akishafahamishwa kwamba mtu anaitwa Hasidi hana tena la kumtafuta ndani yake. Ya pili ni dai kwamba kauli ya mwisho ya mhusika anayekufa ndiyo muhtasari wa dhamira. Mtu hasemi uongo roho ikiwa kooni, hudaiwa, na kwa hiyo maneno yake ya kufa ni ungamo ambalo msomaji analipokea na kulibatiza jina la funzo. Miongozo inayouzwa madukani kwa ajili ya watahiniwa wa KCSE imezichukua dhuluma hizi na kuzigeuza orodha: sifa za mhusika, umuhimu wa mhusika, mafunzo yanayojitokeza. Hilo lingeweza kusamehewa katika miongozo. Haliwezi kusamehewa katika tasnifu za uzamili, ambako orodha ile ile hurudi ikiwa imevikwa istilahi.

Makala haya yanapinga madai yote mawili. Yanadai kwamba katika masimulizi haya kauli ya mwisho ni tendo, tena aghalabu ndilo tendo la hila kuliko yote yaliyotendwa na mhusika, na kwamba anayeipokea kama ungamo amenaswa na mtego ambao msimulizi alikuwa ameuanika waziwazi mbele ya hadhira.

Mifano inatolewa hasa katika eneo la Thika na Ruiru na viunga vyake. Thika iko mahali ambapo nchi ya Wagikuyu inakutana na nchi ya Wakamba, Kilimambogo ukiwa mashariki yake, na mashamba makubwa ya kahawa, katani na mananasi yaliwakutanisha hapo wafanyakazi wa lugha nyingi. Ngano zilivuka mipaka pamoja na majembe. Ruiru nayo, ambayo zamani ilikuwa kituo cha mashamba ya kahawa, imefurika watu kiasi kwamba sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi 490,120 mjini humo, dhidi ya 251,407 wa Thika yenyewe. Mtoto anayezaliwa katika majumba ya kupanga ya Ruiru leo mara nyingi hukutana na zimwi kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Kiswahili cha shule, mbali na moto wa nyanya yake. Ufasiri anaopewa hapo ndio wa kwanza na huenda ukawa wa mwisho. Kwa sababu hiyo makosa ya wahakiki wa Kiswahili katika jambo hili yana uzito kuliko yanavyodhaniwa.

Na tuanze na zimwi lenyewe, ambalo Wagikuyu huliita irimũ. Katika ngano nyingi za Kigikuyu zimwi huja ngomani likiwa kijana mzuri kupita kiasi. Wasichana wanamfuata. Nyuma ya kichwa chake, chini ya nywele, kuna kinywa cha pili. Kinywa cha mbele huongea maneno ya adabu. Cha nyuma ndicho kinachokula. Ni vigumu kufikiria taswira iliyo wazi zaidi ya nia iliyofichwa, na bado wahakiki wameipita wakisema kwamba zimwi ni "ishara ya uovu", kana kwamba fanani alihitaji kuhangaika na nywele na vinywa viwili ili kutangaza kwamba uovu ni mbaya.

Ngano ya mhunzi na mkewe, ambayo ni miongoni mwa zile zinazojulikana sana, inaliweka jambo hili katika lugha yenyewe. Mhunzi yuko mbali kiwandani kwake; mkewe amejifungua; zimwi linamwuguza. Linapika chakula, linamkaribisha mzazi ale, kisha kabla hajanyosha mkono linamwambia kwamba maadamu amekataa basi litamlia. Mama huyu anakondeshwa kwa ukarimu. Hakuna tishio hata moja linalotamkwa. Anaokolewa na njiwa anayelipwa mbegu za mbarika apeleke habari kiwandani. Lugha ya zimwi ni lugha ya heshima kutoka mwanzo hadi mwisho, na msikilizaji ambaye hakufundishwa kutafuta kinywa cha pili atalihesabu kuwa mkunga mwema.

Sasa kufa kwake. Katika matoleo mengi ya masimulizi ya mazimwi, kwa Wakamba na majirani zao, zimwi likishashindwa huwaambia washindi wake neno moja kabla ya kukata roho: likifa, wakikate kidole chake. Wanakikata, na humo wanatoka watu waliomezwa, ng'ombe, wakati mwingine kijiji kizima. Hii ni kauli ya kufa inayokumbukwa kuliko yoyote katika ngano za sehemu hizi. Ufasiri uliozoeleka ni kwamba zimwi limetubu, au kwamba wema hatimaye huushinda ubaya. Ufasiri huo hauna shahidi hata mmoja ndani ya matini. Zimwi halitaji kosa lake. Haliombi radhi. Halimtaji mtu yeyote liliyemla. Linatoa maelekezo kuhusu kisu, basi.

Mtu anayeelekeza kisu kwenye kidole amekiepusha na kifua. Hilo ndilo la kwanza ambalo mhakiki alipaswa kuliona. Tumbo la zimwi, ambalo kila msikilizaji anajua ndiko watu walikokwenda, halipasuliwi. La pili ni zito zaidi. Kabla ya kauli ile, wale mashujaa walikuwa wameshinda kwa mikuki yao. Baada yake, waliomezwa wanatoka kwa idhini ya aliyewameza. Ushindi umegeuzwa zawadi. Kijiji kinachorudi kwenye nuru kupitia jeraha dogo ambalo zimwi lenyewe limelichagua kinarudi kikiwa na deni kwake. Nia fiche ya kauli hii ni kubaki, na kauli yenyewe ni ya kweli tupu. Watu hutoka kweli. Hapa ndipo nadharia ya ungamo inapoanguka, kwa kuwa imejengwa juu ya dhana kwamba hila na ukweli havikai katika sentensi moja. Waswahili wanayo methali ambayo hutumiwa kama faraja, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ikisomwa polepole ni methali ya kutisha: inakubali kwamba utaliwa, na inakutaka ushukuru kwa masalio. Kidole ni masalio hayo.

Itapingwa kwamba huku ni kuipa ngano saikolojia isiyo yake. Wapinzani hukimbilia kwa Vladimir Propp, ambaye katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi wa mwaka 1928 alieleza kwamba nia za wahusika ni miongoni mwa vipengele vya ngano visivyo imara kabisa: tendo hudumu, sababu zake hubadilika. Wahakiki wetu wamelisoma hilo kama ruhusa ya kutouliza juu ya nia. Lakini kipengele kinachobadilika ndicho kinachoonyesha mahali ambapo fanani na hadhira yake wanavutana. Kilichokubaliwa na wote hakina haja ya kubadilishwa. Propp alitoa sababu ya kuichunguza nia katika kila utambaji, mmoja mmoja. Waliomnukuu bila kumsoma wamempa kazi ya kufunga mlango.

Kuhusu majina hakuna haja ya kukawia. Ni kweli kwamba Shaaban Robert aliwaita ndugu wa Adili Hasidi na Mwivu, na mshitaki wa Karama katika Kusadikika (1951) akamwita Majivuno. Msomaji anajua. Adili hajui. Adili anaishi na ndugu wanaoitwa Hasidi na Mwivu, anayasikia majina yao kila siku, anawagawia mali, anawasamehe, anasafiri nao baharini, na hasomi. Jina linalopiga kelele masikioni mwa msomaji ni bubu masikioni mwa wahusika, na pengo hilo ndilo linaloisukuma hadithi mbele. Uhakiki unaosema kwamba jina limefichua kila kitu umesahau kuuliza limemfichulia nani.

Karibu na Thika, katika miinuko ya Gatundu, ndiko alikotoka mwandishi wa hekaya ambayo inaiweka hoja hii katika nuru kali zaidi. Jomo Kenyatta aliichapisha katika Facing Mount Kenya mwaka 1938. Mtu anamruhusu ndovu aingize mkonga wake kibandani wakati wa mvua. Ndovu anaingia mzima na kumtoa mwenyeji nje. Simba, mfalme wa mwitu, anaunda tume ya uchunguzi yenye wanyama watupu. (Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa maana ya tume.) Tume inaamua kwamba ndovu ana haki. Mtu anajenga kibanda kingine, kifaru anakichukua. Kingine, nacho vivyo hivyo. Mwishowe anajenga kibanda kikubwa na kizuri kuliko vyote, wanyama wote wanakimbilia humo na kuanza kugombana, naye anakitia moto, wakateketea pamoja na mfalme wao.

Hekaya hii hufundishwa kama hadithi ya ukombozi, na ni hadithi ya ukombozi. Lakini angalia nani mwenye nia fiche. Wanyama wamekuwa wazi tangu mwanzo; ulafi wao umeandikwa katika hukumu za tume na kusomwa hadharani. Anayeficha ni shujaa. Yeye ndiye anayejenga kwa ukarimu nyumba ambayo ni mtego, kwa njia ile ile ambayo zimwi lilipika chakula cha mzazi. Kinywa cha pili sasa kiko nyuma ya kichwa cha aliyeonewa. Angalia pia nani mwenye kauli ya mwisho. Wanaokufa hawapewi hata neno. Anayewaua ndiye anayesema, na anachokisema ni jambo juu ya gharama ya amani. Mhakiki anayeamini kwamba kauli ya kufunga hadithi ni dhamira iliyotolewa ganda ataibeba kauli hiyo kama hekima. Ni kauli ya mtu aliyeshika kijinga cha moto, na ladha yake yote imo katika kejeli hiyo. Miaka 25 baadaye mwandishi wake alikuwa kiongozi wa serikali, na hekaya ikapata wasomaji ambao hawakuwa na haja tena ya kuisikia kejeli.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliifahamu hatari ya kumpa zimwi nafasi ya kusema. Mwaka 1978, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, mwendo mfupi kutoka Ruiru, aliandika kwenye karatasi za chooni riwaya ya Kigikuyu ambayo Waswahili wanaijua kwa jina la Shetani Msalabani. Humo mzee anamsimulia Gatuiria ngano za mazimwi. Nyanjiru Kanyarari anawakataa vijana wa kwao na kumfuata kijana wa kigeni, ambaye anamla kiungo baada ya kiungo. Mkulima mmoja amebebeshwa zimwi mabegani, kucha zimezama shingoni mwake, naye analima na kulilisha. Dawa anayoelekezwa mkulima huyo ni mafuta yanayochemka. Katika urithi wote wa ngano za mazimwi uliokuwa mbele yake, mfungwa wa Kamiti hakuichagua ile ambayo zimwi hufa likitoa maelekezo. Wanaosema kwamba kauli ya kidole ni toba wangejiuliza kwa nini.

Pwani nako upo ushahidi, nao unatoka upande wa kimya. Utenzi wa Liyongo, katika umbo alilolipa Muhammad Kijumwa mwaka 1913, unamwonyesha shujaa asiyedhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe, aliyeahidiwa makubwa na Sultani wa Pate, anakuja kumwuliza siri hiyo. Baba anaonyesha kwamba ameshanusa hila, na bado anaitoa siri. Kisha anachomwa usingizini, anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani na kupiga goti akiwa ametega mshale. Anafia hapo. Watu hawathubutu kwenda kuteka maji. Mama yake anatumwa kumbembeleza mwanawe kwa mashairi, siku baada ya siku, hadi mwili unapoanguka.

Hakuna kauli ya mwisho hapa, na uhakiki wa funzo hujikuta hauna cha kunukuu. Hujaza pengo kwa usaliti wa mwana, kana kwamba nia ya kutafutwa ni ya yule kijana ambaye bei yake tayari imetajwa hadharani. Nia iliyofichika ni ya baba. Kwa nini anayejua anasema? Na kwa nini, akishachomwa, nguvu zake za mwisho anazipeleka kisimani, akauziba mji wote maji yake kwa maiti iliyopiga goti? Kauli yake ya kufa ni mkao wa mwili, na wenyeji waliusoma kwa hofu ambayo ilikuwa uhakiki bora kuliko mwingi uliofuata. Kithaka wa Mberia, alipoigeuza hekaya hii kuwa tamthilia ya Kifo Kisimani (2001), alikiweka kisima katika jina lenyewe. Tamthilia hiyo ilitahiniwa shuleni kwa miaka kadhaa, na swali lililopendwa la miongozo likabaki ni nani msaliti.

Yatosha sasa kurudi Thika, kwa sababu Thika ina kauli yake ya mwisho ambayo bado inasimuliwa. Mwonaji wa Kigikuyu Mugo wa Kibiru, anayeitwa pia Chege, anasimuliwa kuwa alitabiri kuja kwa wageni waliovaa nguo mfano wa vipepeo na kwa nyoka wa chuma. Katika toleo ambalo Kenyatta aliliandika, anawaonya watu wake kwamba wageni wapokewe kwa urafiki bila kusogezwa karibu na maboma, kwa kuwa nia yao ni ardhi. Ni simulizi ya ajabu ambayo kiini chake ni somo la kusoma nia fiche. Thika huongeza kwamba mwonaji aliutaja mugumo uliokuwa pale: siku utakapoanguka, utawala wa wageni utakwisha. Inasimuliwa kwamba wakoloni waliuimarisha mti huo kwa chuma ili usianguke, na kwamba radi iliupasua mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Bustani ya Mugumo mjini humo imehifadhi kumbukumbu yake.

Wanafunzi wa fasihi simulizi huiandikia simulizi hii insha juu ya "ukweli wa utabiri". Hawaulizi kauli ile inafanya nini. Inafanya kazi ile ile ya kidole. Inaelekeza macho ya watu wote kwenye shina moja, na siku shina linapoanguka, kazi imetangazwa kwisha. Lakini mwaka 1962 serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuanzisha mpango wa kuwauzia Waafrika takriban eka milioni moja za mashamba ya walowezi kwa mikopo ambayo wanunuzi walitakiwa kuilipa. Mashamba makubwa ya kahawa na katani, ambayo ndiyo yaliyoizunguka Thika na kushuka hadi Ruiru, kwa sehemu kubwa yalibaki nje ya mpango huo. Aliyekuwa akiondoka alikuwa amewaonyesha warithi wake mahali pa kukata. Watu walitoka kidoleni, kweli, na wakaanza kulipa mkopo. Simulizi ya mugumo, ikisomwa kando ya ngano ya zimwi, inaonekana kuwa na kejeli ambayo huenda mafanani wake waliijua vizuri. Ikisomwa kwa mtindo wa funzo inakuwa hadithi ya mti ulioanguka siku yake.

Linabaki pingamizi moja lenye nguvu, nalo hutolewa na watafiti wa nyanjani. Mafanani wenyewe, husema, wakiulizwa maana ya ngano hutaja funzo: mtoto amtii mzazi, msichana asimfuate asiyemjua. Mhakiki ni nani hata ampinge mwenye ngano? Pingamizi hili linasahau ni lini swali huulizwa. Huulizwa ngano ikiwa imekwisha, na mtu mwenye kinasasauti na daftari, ambaye hatalala pale wala hatarudi. Funzo lililotolewa wakati huo ni kauli ya mwisho ya utambaji, na kama kauli zote za mwisho lina nia yake. Linampa mgeni kitu kidogo cha kuondoka nacho. Mtafiti anashukuru, anafunga mkoba wake, anashika njia ya Ruiru na funzo likiwa limeandikwa vizuri. Naye fanani, ambaye hakuulizwa zimwi lilitaka nini liliposema lile la kidole, anarudi kwenye kazi zake.